Chupa ya jiki wakati wa homa ya mafua: tathmini ya matumizi ya nyumbani

Kati ya dawa zote za usafi zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya Arusha inapoingia baridi ya Juni na Julai, ile ambayo ningeipendekeza kwanza kwa nyumba yenye mgonjwa wa homa ya mafua ni jiki ya kawaida, isiyo na rangi wala manukato, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kung'arisha mashuka na sare za shule. Nimeitumia kwa muda mrefu katika nyumba anamoishi mama mkwe aliyevuka miaka 70 pamoja na watoto wa shule ya msingi, na nimeilinganisha na spiriti, na dawa za maji za kuulia vijidudu, na pia na huduma ya kupuliziwa dawa nyumbani. Maoni yangu ni kwamba jiki inafanya kazi yake vizuri sana endapo itapimwa ipasavyo na kuachwa ifanye kazi kwa muda unaotakiwa, lakini wanunuzi wengi hawafanyi lolote kati ya hayo mawili, na chupa haiwasaidii inavyoweza kuwasaidia.

Homa ya mafua si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huu unawafikisha watu kati ya milioni 3 na milioni 5 kwenye hali mbaya, na kwamba vifo vinavyotokana na matatizo ya kupumua yanayosababishwa nao ni kati ya 290,000 na 650,000. Wanaoumia zaidi ni wazee, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na watu wenye pumu, kisukari, magonjwa ya moyo au kinga dhaifu ya mwili. Katika nchi za tropiki kama zetu virusi vyake huzunguka mwaka mzima, ingawa huongezeka katika vipindi fulani, hasa vya baridi na mvua, wakati ambapo tunafunga madirisha na kukaa wengi katika chumba kimoja. Kwa hiyo, anayetaka kutathmini dawa ya usafi kwa ajili ya ugonjwa huu hapaswi kuuliza kama inanukia vizuri au inang'arisha sakafu, bali kama inaviua virusi hivyo mahali vinapotua.

Hapa kuna habari njema. Virusi vya homa ya mafua vimefunikwa na utando laini wa mafuta, na utando huo ukivunjwa, virusi haviwezi tena kumwambukiza mtu. Sabuni inauvunja, spiriti inauvunja, na klorini iliyomo katika jiki inauvunja pamoja na kuharibu kilichomo ndani. Baadhi ya virusi vya mafua ya kawaida, yale ya kupiga chafya na kutokwa na kamasi bila homa kali, havina utando huo, na ndiyo maana vinavumilia baadhi ya dawa ambazo virusi vya homa ya mafua haviwezi kuzivumilia. Katika jambo hili, adui mkali zaidi ndiye aliye rahisi zaidi kuuawa.

Kuhusu muda ambao virusi hukaa kwenye vitu, jaribio lililochapishwa mwaka 1982, ambalo bado linategemewa, lilionyesha kwamba virusi vya homa ya mafua vinaweza kuishi kati ya saa 24 na 48 juu ya chuma cha pua na plastiki, lakini kwenye nguo, karatasi na tishu havikufikisha zaidi ya saa 8 hadi 12. Vikihamia mikononi, vilidumu dakika chache tu, ingawa dakika hizo zinatosha kabisa kwa mtu kujisugua jicho au kumfuta mtoto pua. Watafiti wa Geneva, Uswisi, waliochapisha kazi yao mwaka 2008, waliona kwamba kwenye noti za benki baadhi ya virusi hivyo vilidumu hadi siku tatu, na vilipochanganyika na makamasi vilidumu muda mrefu zaidi ya hapo. Mtu anayepokea chenji sokoni, kisha akarudi nyumbani na kukata mkate bila kunawa, anapaswa kulifikiria jambo hilo.

Hata hivyo, ni lazima niseme wazi mpaka wa kile ninachokitathmini, kwa sababu matangazo mengi hayausemi. Homa ya mafua huenea zaidi kwa matone na chembechembe zinazotoka kinywani na puani mwa mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza karibu na mwingine. Kuambukizwa kwa kugusa vitu kunawezekana, lakini si njia kuu. Nyumba iliyofutwa jiki kila pembe huku mgonjwa analala chumba kimoja na bibi mzee, madirisha yamefungwa, bado ni nyumba ya hatari. Chupa hii inaziba mlango mmoja, na inauziba vizuri. Milango mingine inahitaji hewa, umbali, barakoa kwa anayemhudumia mgonjwa, na kunawa mikono.

Sasa nije kwenye upimaji, ambao ndio kiini cha tathmini hii. Chupa nyingi za jiki zinazouzwa Afrika Mashariki huwa na hipokloraiti ya sodiamu, yaani kiambata chake cha klorini kinachoua vijidudu, ya karibu asilimia 3.5, na zipo nyingine zinazofika asilimia 5 au zaidi, hivyo jambo la kwanza ni kusoma lebo. Kwa kutakasa vitu vya nyumbani, kiwango kinachopendekezwa ni asilimia 0.1. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, unachanganya sehemu moja ya jiki na sehemu 34 za maji, na kwa vipimo vya jikoni hiyo ni vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, ndani ya lita moja ya maji. Kwa jiki ya asilimia 5, kijiko kimoja na nusu kinatosha. Mazoea niliyoyaona katika nyumba nyingi ni kumwaga kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima ya lita 20, harufu ikasikika, mtu akaridhika kwamba kazi imefanyika. Mchanganyiko huo haufikii hata sehemu ya kumi ya nguvu inayotakiwa. Wapo pia wanaofanya kinyume, wakaimimina bila maji juu ya sinki na vipini vya milango wakiamini kwamba ukali zaidi ni usalama zaidi. Wanachopata ni macho yanayowasha, kifua kinachobana na vyuma vinavyoanza kutu mapema.

Maji yawe ya baridi. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba maji ya moto huongeza nguvu ya kila kitu, na kwa sabuni na vyombo vyenye mafuta ni kweli, lakini klorini huharibika haraka kwenye maji ya moto na mvuke wake huwasha njia ya hewa. Mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa nao hupungua nguvu kwa haraka, kwa hiyo utengenezwe upya kila siku na unaobaki jioni umwagwe. Kwa sababu hii sioni faida ya kuandaa ndoo kubwa: lita moja inatosha kufuta kila kinachoguswa katika nyumba ya kawaida.

Halafu kuna suala la mpangilio na muda. Jiki ni dhaifu sana mbele ya uchafu, kwa kuwa klorini huishia kupambana na mafuta, makamasi, mabaki ya chakula na vumbi kabla haijavifikia virusi. Sehemu ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, isuuzwe, ndipo ipakwe jiki iliyochanganywa. Baada ya kupakwa inatakiwa ibaki imelowa kwa angalau dakika moja, na mimi huiacha dakika tano hadi kumi kabla ya kuifuta kwa kitambaa chenye maji safi. Kwa baridi ya Arusha hilo ni rahisi kwa sababu vitu havikauki upesi, lakini ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam watalazimika kupitisha kitambaa mara ya pili, maana joto la pwani hukausha meza kabla dawa haijamaliza kazi. Kufuta na kukausha papo hapo, jinsi tunavyofanya tunapopangusa vumbi, ni kupoteza dawa.

Vitu vya kufutwa si vile ambavyo macho huviona kwanza. Watu huanza na sakafu, kwa kuwa sakafu chafu inaonekana na mgeni, ilhali hakuna anayeishika sakafu kisha akashika mdomo, isipokuwa mtoto anayetambaa. Mahali penye uzito mkubwa ni vipini vya milango na makomeo, swichi za taa, bomba la maji na kishikio cha kuvutia maji chooni, mpini wa friji, rimoti, kifuniko cha chupa ya chai inayozunguka kwa kila mtu, kata ya kuchotea maji mtungini, migongo ya viti vya plastiki, ufunguo wa geti, na usukani wa gari au wa pikipiki. Katika nyumba za kupanga zenye choo na bomba la pamoja, komeo la mlango wa choo linashikwa na familia nne au tano kwa siku, na ningesema kwamba hapo ndipo jiki inapolipa zaidi kuliko mahali pengine popote, iwapo wapangaji watakubaliana nani apafute asubuhi na nani jioni. Vitu vya kuchezea watoto vya plastiki huzamishwa ndani ya mchanganyiko huo kwa dakika chache, kisha vikasuuzwa vizuri na kuanikwa.

Simu isiguswe kwa jiki kamwe. Hapo ndipo spiriti inapoishinda jiki waziwazi. Spiriti ya asilimia 70 iliyotiwa kidogo kwenye kitambaa laini, simu ikiwa imezimwa, husafisha kioo na pande zote bila kuacha unyevu ndani, nayo ndiyo ninayoitumia pia kwa miwani ya kusomea na kipimajoto. Wengine huuliza kwa nini spiriti ya asilimia 70 iwe bora kuliko kali zaidi. Sababu ni kwamba maji yaliyomo husaidia alkoholi kupenya na huizuia isikauke mapema. Udhaifu wa spiriti ni bei yake na hatari ya moto: kufuta nayo jikoni karibu na jiko la mkaa au la gesi linalowaka ni jambo la kuepukwa kabisa, na kuifutia meza kubwa na milango yote ni gharama isiyo na sababu.

Kwa upande wa nguo na matandiko, jiki si ya lazima. Mashuka, foronya na taulo za mgonjwa zikiloweshwa na kufuliwa kwa sabuni ya kawaida ya unga au ya mche, zikasuuzwa na kuanikwa juani, zimekuwa salama, na pasi ya moto inaongeza uhakika. La kuzingatia ni kutozikung'uta kabla ya kuzifua wala kuzikumbatia kifuani wakati wa kuzipeleka kwenye beseni, kisha kunawa mikono baada ya kuziloweka. Jiki ibaki kwa mashuka meupe ya pamba pekee. Khanga, vitenge na mabatiki yatapauka, na sufu na hariri zitaharibika nyuzi. Vyombo vya mgonjwa havihitaji kutengwa milele katika kabati lake, kama baadhi ya nyumba zinavyofanya mpaka mgonjwa akajiona mkosaji. Sabuni, maji ya moto na kukaushwa vizuri vinatosha, mradi watu wasichangie kikombe au kijiko kabla hakijaoshwa.

Kuhusu dawa za maji za kuulia vijidudu kama Dettol, ambayo kiambata chake kikuu ni kloroksilenoli ya asilimia 4.8, na Savlon, yenye setrimaidi na kloreksidini, naziheshimu kwa kazi zilizotengenezewa, hasa kusafisha ngozi na vidonda vidogo kwa vipimo vya lebo. Virusi vyenye utando wa mafuta haviziwezi. Tatizo langu ni la matumizi na bei: chupa ndogo huisha haraka mtu akitaka kufutia nyumba nzima, na harufu yake ya hospitali huwafanya watu waamini kwamba matone machache ndani ya ndoo yameitakasa nyumba. Wenye paka wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kloroksilenoli ni sumu kwa paka, ambaye hukanyaga sakafu iliyofutwa kisha akajilamba miguu. Dawa hizi zisichanganywe na jiki hata kidogo.

Udi na ubani nimeviona vikichomwa chumbani baada ya mgonjwa kupona, na nyumba ikanukia vizuri, lakini moshi wa manukato hauui virusi vilivyo kwenye rimoti, na kwa mgonjwa anayekohoa moshi huo unazidisha kukohoa. Kujifukiza, ambako kulipata umaarufu mkubwa nchini mwetu mwaka 2020, kunaweza kulegeza makamasi na kumpa mtu nafuu ya muda, lakini hakuhusiani na kutakasa nyumba, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi.

Huduma ya kupuliziwa dawa nyumbani ndiyo iliyonisikitisha kuliko vyote. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilialikwa katika jengo tunamoishi baada ya watu wa nyumba kadhaa kuugua kwa mfululizo. Vijana walifika wakiwa wamevaa mavazi meupe ya kujikinga, wakatutoa nje, wakajaza ukungu wa dawa vyumbani na kwenye ngazi, wakaondoka na malipo. Nilipouliza jina la dawa na kiwango chake, sikupata jibu la kueleweka. Hakuna aliyefuta kipini cha mlango, hakuna aliyeosha bomba, na ukungu ule uliishia kwenye makochi na mapazia, mahali ambapo virusi havidumu sana hata vikiachwa. Tulikuta madirisha yamefungwa na hewa nzito ambayo ilimwanzishia pumu mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 uliohusu Korona, lilisema kwamba kupuliza au kufukiza dawa ndani ya nyumba hakupendekezwi kama njia ya kawaida ya kutakasa, kwa kuwa dawa haifiki nyuma ya vitu wala penye uchafu, nayo inawadhuru watu. Hoja hiyo inaihusu homa ya mafua kwa ukamilifu uleule. Siishauri familia yoyote kulipia huduma hiyo kwa ajili ya mafua, na fedha hiyo ingenunua sabuni na jiki za kutumia mwaka mzima.

Usalama wa jiki unastahili ukali wa maneno. Isichanganywe na kisafishio cha choo chenye tindikali, siki, wala maji ya limao, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini. Isichanganywe na kitu chenye amonia, ukiwamo mkojo uliotuama kwenye choo au ndoo ya usiku, kwa kuwa hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Choo kimwagiwe maji kwanza, kisafishio kimoja kitumike kwa wakati mmoja, na mlango uwe wazi. Avae glavu anayeishika, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali. Mtoto akiinywa asitapishwe, bali asukutue kinywa na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na hapa nawasihi wazazi kwa moyo wote: jiki ya kupimiwa mtaani ndani ya chupa za maji ya kunywa au za soda isiingie nyumbani kwenu. Nguvu yake haijulikani, tarehe yake haijulikani, na mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo.

Nyumba isiyo na uwezo wa kununua chochote kati ya hivi haijaachwa bila kinga. Kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia kinachochiriza maji kidogo kidogo, kilichofungwa karibu na mlango, kipande cha sabuni kikining'inia kwenye kamba, na kila anayeingia akisugua viganja, vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, kinawalinda watu zaidi ya chupa yoyote niliyoitaja hapa, na ningependa kila mwenye duka anayemuuzia mteja jiki amuulize pia kama ana sabuni ya kunawia.

Kwa atakayenunua, achague chupa ndogo iliyofungwa vizuri, yenye lebo inayotaja asilimia na tarehe ya kutengenezwa, na aiache ile iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa na jua, kwa sababu mwanga na joto hupunguza klorini hata kabla chupa haijafunguliwa. Ahakikishe pia kwamba ni ya klorini, kwani zile zilizoandikwa kuwa ni za nguo za rangi huwa na viambata vingine, na vipimo nilivyovitoa haviendani nazo. Nyumbani ikae kwenye kabati la juu, lenye giza na baridi, mbali na mikono ya watoto. Chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 3.5 hutoa lita 25 za mchanganyiko, yaani lita moja kwa siku kwa siku 25. Mgonjwa wa homa ya mafua huambukiza wengine tangu takriban siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baada yake, na watoto kwa muda mrefu kidogo zaidi, kwa hiyo hata ugonjwa ukiwapitia watu watatu wa nyumba moja kwa kupokezana, chupa moja inatosha.